Theluji na Tone la Vanila

Pwani yetu haijapata kuangukiwa na theluji, lakini jina lake tunalo tangu kale, tena si moja bali mawili. Neno theluji tumelipata kwa Waarabu. Neno barafu tumelipata kwa Waajemi, na kwao barf si maji yaliyoganda yakawa jiwe, bali ni ile theluji yenyewe ishukayo kutoka mawinguni. Maji yaliyoganda wao huyaita yakh. Sisi tulilipokea jina hilo mikononi mwa mabaharia, bila ya kukiona chenyewe, tukalitumia kwa kila kilichoganda. Kwa hiyo mtoto wa Unguja anunuapo barafu kwa jua la saa nane, hutamka pasi na kujua jina la theluji ya milima ya Uajemi.

Na huko Uajemi theluji ilikuwa ni chakula. Watu waliteka iliyo safi, wakaimwagia shira ya zabibu, wakaila papo hapo. Barafu ya kipupwe waliiweka akiba katika mashimo yaliyojengewa kuba nene za udongo, ikawafaa wakati wa hari. Ulaya nayo ilipoipata anasa hiyo, iliifungia kwanza katika majumba ya wakubwa. Katika karamu ya Windsor ya mwaka 1671, aiskrimu iliyoandikwa ni sahani moja tu, nayo iliwekwa kwenye meza ya Mfalme Charles wa Pili. Wageni wengine waliitazama kwa mbali.

Siri ya wapishi wa majumba hayo ilikuwa ni chumvi. Theluji au barafu ikichanganywa na chumvi huyeyuka, na katika kuyeyuka kwake hunyonya joto la kila kilicho karibu, hata baridi yake ikaweza kushuka mpaka nyuzi 21 chini ya sifuri. Chombo cha maziwa matamu kikizamishwa humo, maziwa huganda. Mary Eales aliieleza njia hiyo katika kitabu chake cha mapishi kilichochapwa London mwaka 1718.

Lakini maskini hawakuhitaji chumvi wala chombo cha bati. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, kama vile Virginia na Tennessee, ambako theluji huanguka kwa nadra, watu wa kawaida wamerithishana desturi iliyo jamaa ya ile ya Waajemi. Theluji ikianguka, watoto hutumwa nje na bakuli. Wazee husema theluji ya mwanzo isiliwe, kwani hiyo huosha vumbi la hewani. Ingojewe ya baadaye, nayo ichotwe juu juu isiguse ardhi. Ndani, maziwa baridi yamekwisha kukorogwa na sukari na tone la vanila. Theluji hutiwa kidogo kidogo, huku mwiko ukizunguka, mpaka mchanganyiko ushikane. Kisha huliwa upesi, maana haungoji.

Theluji ya bakuli hilo haina mwenyewe. Bali tone la vanila lina historia, na historia hiyo imepita katika bahari yetu.

Vanila asili yake ni Mexico. Wafaransa waliupeleka mmea huo katika kisiwa cha Réunion, kilichokuwa kikiitwa Bourbon, ukatambaa na kutoa maua, lakini hauzai. Ua lake huchanua asubuhi na kusinyaa siku ile ile, na ndani yake mna utando uitengao sehemu ya kiume na ya kike. Mwaka 1841 mtoto mtumwa wa miaka 12, jina lake Edmond, aliuinua utando ule kwa kijiti chembamba, akazibana sehemu hizo mbili kwa kidole gumba. Ua likashika mimba. Akachukuliwa shamba hata shamba kuwafundisha watumwa wenziwe, na ujuzi ule ukavuka hadi Madagascar na Ngazija. Mpaka leo vanila ya visiwa hivi huzalishwa hivyo, ua moja moja, kwa mkono.

Baadaye alitokea mtaalamu wa mimea aliyedai kuwa yeye ndiye aliyemfundisha mtoto yule. Bwana wake wa zamani ndiye aliyeandika kumtetea. Utumwa ulipofutwa Réunion mwaka 1848, Edmond alipewa uhuru na jina la ukoo, Albius. Mali hakupewa. Alikufa fukara mwaka 1880. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Yeye alichumia juani, na kivulini wakala wengine.

Msomaji wa Unguja na Pemba hataiona ngeni hadithi hii. Miche ya karafuu nayo ilitufikia mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa hivyo hivyo vya Mascarene, na mikono iliyoipanda na kuichuma ilikuwa ya watumwa ambao majina yao hatukuyahifadhi. Jina la Edmond, angalau, limebaki. Basi mtu wa nchi ya baridi akitoka na bakuli lake asubuhi ya theluji, na vanila yake ikawa ya kweli, si ya kiwandani, atakuwa anakula kazi ya kidole cha mtoto wa bahari hii, aliyezaliwa mtumwa katika kisiwa cha jua.