Uondoshaji wa mali chakavu na majengo ya ofisi za serikali (Bagamoyo na pwani yake)

Uondoshaji wa mali chakavu ni utaratibu ambao taasisi ya umma huufuata inapoachana na samani, mitambo, magari na majengo isiyoyahitaji tena. Katika ofisi za Tanzania neno "chakavu" lina tabia yake. Meza ya mninga isiyo na hata mkwaruzo huweza kuitwa chakavu kwa kuwa ofisi yake imehama, na kiti kilichovunjika mguu kikabaki mali hai miaka nenda rudi kwa sababu hakuna aliyekifuta kwenye daftari.

Katika ukanda wa pwani unaotoka Dar es Salaam kupitia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo, jambo hili lina historia ndefu. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, yalipohamishiwa Dar es Salaam. Sababu kubwa ilikuwa bahari yenyewe: maji ya Bagamoyo ni mafupi, jahazi hufika ufukweni lakini meli hutia nanga mbali. Serikali iliondoka na makaratasi yake, majengo yakabaki na kupewa kazi nyingine. Ngome Kongwe, iliyoanza kama nyumba ya tajiri Mwarabu katikati ya karne ya 19, imekuwa kambi ya askari, gereza, kituo cha polisi na ofisi ya Mambo ya Kale. Boma la Wajerumani lilijengwa baada ya makao makuu kuhama, likawa ofisi ya wilaya chini ya Wajerumani, Waingereza na serikali huru. Jengo la umma hapa halistaafu. Hubadilisha mpangaji tu, mpaka siku paa linapokataa.

Wimbi la karibuni la ofisi kuhama lilielekea Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulipitishwa na chama cha TANU mwaka 1973, ukakaa kwenye makabrasha zaidi ya miaka 40, kisha Rais John Magufuli akatangaza mwaka 2016 kwamba serikali inahama kweli. Wizara zikaenda, na Mji wa Serikali wa Mtumba ukajengwa. Bagamoyo nayo ilikuwa na hesabu zake za nyumbani, kwani katikati ya miaka hiyo ya 2010 Halmashauri ya Chalinze ilizaliwa kutoka ubavuni mwake. Halmashauri zikigawanyika hugawana kila kitu, madeni pamoja na viti.

Kisheria, kazi hii iko chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma. Ile ya mwaka 2011 ilifuatwa na Sheria Na. 10 ya mwaka 2023, na zote mbili zinahusu kununua na kuondosha pia, ingawa watu wengi husoma nusu ya kwanza tu. Afisa masuuli huunda timu ya kukagua mali, timu huorodhesha kilichopo na hali yake, mthamini huweka bei ya chini, kisha kibali huombwa. Kwa mali za serikali kuu kibali hutoka Hazina, kwa Mlipaji Mkuu wa Serikali. Kwa halmashauri jambo hupita kwenye vikao vya madiwani. Njia ya kuondosha huweza kuwa mnada wa hadhara, zabuni, kuhawilisha kwa taasisi nyingine ya umma, au kuteketeza. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimelalamikia mara kwa mara mali zinazooza zikisubiri kibali, na pwani malalamiko hayo yana uzito wa ziada. Upepo wa chumvi hausubiri muhuri. Kabati la chuma likikaa misimu miwili ya masika chini ya mwembe huanza kumwaga kutu kwenye maungio ya droo, na bei aliyoiweka mthamini inabaki kumbukumbu.

Siku ya mnada yenyewe ni fupi. Matangazo huwa yamesema vifaa vitauzwa kama vilivyo na mahali vilipo, na wanunuzi wameruhusiwa kuvikagua siku moja au mbili kabla. Asubuhi dalali husimama uani na kipaza sauti. Viti vimepangwa kwa mafungu, vimegeuzwa miguu juu ili namba nyeupe za rangi zilizoandikwa chini ya makalio zisomwe dhidi ya orodha. Wanunuzi wazoefu hawaangalii kitambaa. Hugonga mbao kwa kidole, hunusa, huuliza kama ni mninga au mkongo, kwani kitambaa hushonwa upya lakini mbao bandia iliyolowa haina dawa. Anayeshinda hulipa sehemu ya bei papo hapo na salio ndani ya siku zilizotajwa, kupitia namba ya malipo ya serikali, la sivyo hupoteza amana. Jioni vigari vya mizigo vya kirikuu na mikokoteni hutoka getini, na kiti cha mkurugenzi huishia kwenye saluni.

Kazi ya kubeba na kuhamisha ni mkataba wake tofauti, mdogo lakini unaogombewa. Sheria hutenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, na ubebaji ni kazi ambayo kikundi cha vijana chaweza kuimudu. Kikwazo huwa karatasi. Mwenye kirikuu asiye na leseni, namba ya mlipakodi na usajili kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023, humwona mwenye navyo akichukua kazi kisha akimkodi yeye huyo huyo.

Majengo ni habari nyingine. Serikali ikitaka kubomoa hubomoa: mwaka 2017 makao makuu ya TANESCO pale Ubungo yaliwekewa alama ya X na sehemu yake kuangushwa kupisha barabara za juu. Mapaa ya zamani ya asbesto huongeza gharama, maana vumbi lake ni hatari kwa mapafu na haliruhusiwi kutupwa ovyo. Lakini katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo mkandarasi mwenye nyundo hana kazi. Kuta za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko ziko chini ya ulinzi, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakwenda mbali zaidi: inataja hata milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Kwa hiyo timu ya ukaguzi ikiingia kwenye ofisi kuukuu ya mji huo huandika meza, viti, makabati, mafeni ya darini na mashine ya chapa iliyokwama herufi. Mlango waliopitia hauingii kwenye orodha, hata kama ndicho kitu pekee ndani ya nyumba ambacho wanunuzi wote waliosimama uani wangekigombea.