Unyayo wa Sarandibu: Ibn Battuta katika Jabali la Wabuddha

Katika nyanda za juu za kusini-magharibi ya Sri Lanka, kisiwa ambacho mabaharia wa Kiarabu walikiita Sarandibu, limesimama jabali lililochongoka lenye kimo cha meta 2,243. Kileleni pana mwamba, na juu ya mwamba huo pana alama ya unyayo mkubwa kupita wa mwanadamu yeyote. Wabuddha huuita Sri Pada, yaani Unyayo Mtukufu, nao husadiki kuwa Buddha ndiye aliyeuacha alipokizuru kisiwa hicho. Wahindu husema ni wa Shiva. Waislamu waliupokea kuwa ni wa Nabii Adamu aliposhushwa kutoka peponi, na wako Wakristo waliounasibisha na Mtakatifu Tomaso. Jiwe ni moja. Wanaolisoma ni wengi.

Ziara ya mahali hapo ni ya kale. Mtawa wa Kichina Faxian, aliyekaa Sarandibu miaka miwili mwanzoni mwa karne ya 5, aliutaja unyayo wa Buddha ulioko juu ya mlima. Mfalme Vijayabahu wa Kwanza, aliyetawala toka 1055 hadi 1110, aliyaona mashaka ya mahujaji njiani, akakitoa kijiji cha Gilimale kiwe kama wakfu wa kuwalisha. Basi njia ya jabali hilo ilikuwa imekwisha kukanyagwa na vizazi vingi vya Wabuddha kabla ya kufika msafiri ambaye watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wanamfahamu vyema.

Msafiri huyo ni Ibn Battuta wa Tanja, ambaye mwaka 1331 alipita Mombasa na Kilwa. Kuhusu Mombasa aliandika kuwa kila mlango wa msikiti una kisima, na mwenye kutaka kuingia huosha miguu kwanza, kisha huifuta kwenye mkeka mzito. Miaka kumi na mitatu baadaye, mwaka 1344, alitoka visiwa vya Maldivi akielekea pwani ya kusini ya Bara Hindi, pepo zikamsukuma hadi Sarandibu. Jabali lenyewe, asema, lilionekana kutoka baharini kama nguzo ya moshi, wakiwa bado mwendo wa siku tisa.

Mfalme wa sehemu ile, Arya Chakravarti, hakuwa Mwislamu. Alimkaribisha mgeni, akamwonyesha lulu zake, akamtaka aseme haja yake. Ibn Battuta hakuomba lulu. Aliomba njia ya kwenda kuuzuru unyayo. Mfalme akampa machela na watumwa wa kuibeba, mayogi wanne waliozoea kwenda ziara hiyo kila mwaka, Mabrahmani watatu, watu kumi wa kufuatana naye, na wengine kumi na watano wa kuchukua chakula. Faqihi wa Kimaliki akaenda kumzuru Adamu akiongozwa na watu ambao katika kitabu chake, bila kuuma maneno, anawaita makafiri.

Safari haikuwa nyepesi. Msituni mlikuwa na ruba walioruka kutoka mitini na majanini na kunyonya damu, na wasafiri walichukua ndimu za kuwakamulia. Mlimani palikuwa na njia mbili, na majina yake hayamhitajii Mswahili mkalimani: wenyeji walimwita Adamu Baba na Hawa Mama, na kila mmoja alikuwa na njia yake. Njia ya Mama ilikuwa rahisi, nayo ilitumiwa wakati wa kurudi. Aliyepandia kwa hiyo alihesabiwa kama hakuzuru. Njia ya Baba ilikuwa ya magenge na minyororo kumi iliyotiwa mwambani. Mnyororo wa kumi uliitwa wa Shahada, kwa kuwa aliyeufikia akatazama chini aliingiwa na hofu ya kuanguka, ulimi ukatamka wenyewe.

Juu, unyayo ulikuwa na urefu wa shubiri kumi na moja. Alielezwa kuwa zamani Wachina walikuja wakaikata sehemu ya kidole gumba, wakaiweka hekaluni katika mji wa Zaitun. Mwambani palichongwa mashimo tisa, na humo mahujaji wasio Waislamu walitia dhahabu, yakuti na lulu. Mafakiri wakishindana kuviokota. Kikundi cha Ibn Battuta kilikuta vito vichache na dhahabu kidogo, wakampa kiongozi wao. Aliyeonyesha njia ndiye aliyestahiki.

Hapo ndipo ilipo maana ya kisa hiki. Ibn Battuta hakuibadili itikadi yake hata kidogo, wala mayogi hawakuibadili yao. Yeye mwenyewe anakiri kuwa watu wa kisiwa kile waliwaheshimu mafakiri wa Kiislamu, wakawalaza majumbani mwao na kuwalisha, tofauti na alivyoona Bara Hindi. Walichoshirikiana si tafsiri ya unyayo, bali njia ya kuufikia.

Historia ya baadaye yaonyesha kuwa jambo hilo halijilindi lenyewe. Mwishoni mwa karne ya 16 Mfalme Rajasinha wa Kwanza aliwanyang'anya watawa wa Kibuddha amana ya mlima akawapa wafuasi wa Shiva. Katika karne ya 18 Mfalme Kirti Sri Rajasinha aliwarejeshea. Kisiwa kimeonja vita vya wenyewe kwa wenyewe toka 1983 hadi 2009, kisha mwaka 2019 mashambulio ya Pasaka, yaliyofuatwa na ghasia dhidi ya Waislamu ambao hawakuwa na hatia.

Hata hivyo, kila mwaka, tangu mwezi mpevu wa Desemba hadi ule wa Mei, watu hupanda usiku, vizee wakishikwa mikono na wajukuu, wapate kuliona jua likichomoza na kivuli cha mlima kikilala juu ya mawingu kama pembetatu. Kileleni pana kengele, na kila mtu huigonga kwa hesabu ya mara alizopanda. Kengele hiyo haimuulizi mtu ni unyayo wa nani aliokuja kuuzuru.