Wezi wa Maji wa Roma

Kwa miaka 441 Roma iliishi bila mfereji hata mmoja. Watu walichota maji mtoni Tiber, visimani na kwenye chemchemi. Hesabu hiyo ametuachia Sextus Julius Frontinus, aliyekuja kuyasimamia maji ya mji huo baadaye sana.

Mfereji wa kwanza, wa mwaka 312 KK, ulizaliwa na ujanja. Wakuu wawili walikuwa na dhamana yake. Gaius Plautius ndiye aliyezisaka chemchemi akazipata. Ilipotimia miezi 18 aliachia madaraka, akiamini mwenzake naye ataondoka. Appius Claudius hakubanduka. Alipiga danadana mpaka maji yakaingia mjini, na mfereji ukaitwa Appia. Ulikuwa na urefu wa kilomita 16 hivi, karibu zote chini ya ardhi. Wanaopenda picha za matao marefu wavumilie: sehemu kubwa ya mifereji ya Roma haikuonekana, ilikuwa mahandaki yaliyoinamishwa kidogo tu ili maji yateremke yenyewe.

Mingine ikafuata. Marcia, wa mwaka 144 KK, ulikwenda kilomita 91 na kusifiwa kwa maji yake baridi. Jemadari Agrippa alijenga Julia na Virgo, na alipofariki mwaka 12 KK akamrithisha Kaisari Augustus watumwa 240 wa kuihudumia mifereji. Augustus akawakabidhi kwa umma. Kaisari Claudius akaongeza 460. Kwangu mimi, watu hao 700, wapiga lipu, walinzi wa matangi, wakaguzi na wapanga mawe ya barabara, wanastahili kutajwa kabla ya tao lolote.

Ndio pia walioiba. Mwaka 97 BK Kaisari Nerva alimpa Frontinus kazi ya kuyasimamia maji, naye akaanza kukagua. Kila mwenye kibali alitakiwa kuchukua maji kupitia kipande cha bomba cha shaba, chenye kipimo na muhuri, kilichochomekwa kwenye tangi. Alikuta vilivyo vipana kuliko kibali, na vingine havina muhuri. Kibali kilipopata mwenyewe mpya, mafundi walitoboa tundu jipya, la zamani wakaliacha wazi na maji yake wakayauza. Chini ya barabara walipitisha mabomba ya kificho, kazi ya vishoka hasa, wakiwagawia wenye biashara njiani. Yalipofukuliwa, madini ya risasi yaliyopatikana yalikuwa shehena. Tena maji ya Marcia, yale ya kunywa, yalikuwa yakiishia kwa madobi. Frontinus akayatenga, na maji machafu ya Anio Vetus akayapeleka kumwagilia bustani.

Zaidi ya karne nne baadaye mifereji iliingia vitani. Mwaka 536 Belisarius, jemadari wa Bizanti aliyepigana na Wagothi waliotawala Italia, aliuteka mji wa Naples kwa kupenyeza askari wake ndani ya mfereji wa maji. Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyezingirwa, mjini Roma, na Wagothi wakaikata mifereji yake. Belisarius akaiziba kwa mawe upesi, maana njia hiyo aliijua. Mabafu yakafungwa, na vinu vya unga vya kilima cha Janiculum, vilivyoendeshwa na maji hayo, vikasimama. Akafunga vinu juu ya mashua, katikati ya Tiber. Wagothi wakatupa magogo na maiti mtoni ili kuvivunja. Belisarius akatandaza minyororo kutoka darajani, ikanasa kila kilichoteremka, na unga ukaendelea kusagwa.