Habari Zilizomo Damuni

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo hunijia kila nifikiriapo melanoma, ile saratani ya ngozi itokanayo na chembe zitupazo rangi. Doa dogo laweza kusambaza ugonjwa hadi kwenye ini, mapafu na ubongo, na mwenyewe asijue. Mgonjwa aliyefikia hatua hiyo akianza kutibiwa, tutajuaje mapema kama dawa inamsaidia?

Jibu lilikuwamo katika damu, ila kujifunza kulisoma kumechukua zaidi ya karne moja. Mwaka 1869, huko Melbourne, Australia, daktari Thomas Ashworth alipima damu ya mgonjwa wa saratani aliyekwisha kufariki, akaona chembe zilizofanana na zile za uvimbe wake. Mwaka 1948 Wafaransa wawili, Mandel na Métais, walionyesha kwamba DNA, yaani maandishi ya urithi wetu, huelea pia katika maji ya damu. Ugunduzi huo ulikaa miaka mingi bila kutiliwa maanani. Madaktari walitegemea LDH, kimeng'enya ambacho huweza kupanda saratani inaposambaa. Lakini hupanda pia ini likiugua, au chembe nyekundu zikivunjika. Ni kama moshi unaouona kwa mbali: moto upo, lakini hujui ni nyumba ya nani inayoungua.

Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walitangaza kugundua badiliko katika jeni iitwayo BRAF, ambalo hupatikana katika karibu nusu ya melanoma. Sasa kulikuwa na alama ya kutafuta. Tena, DNA imwagwayo na uvimbe huondoka damuni ndani ya saa chache, kwa hiyo kipimo hueleza hali ya siku ileile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wagonjwa ambao alama hiyo ilitoweka baada ya wiki 4 za matibabu, kwa jumla waliishi muda mrefu kuliko wale iliyobaki ndani yao.

Nafurahia maendeleo hayo, ila nina wasiwasi. Kwetu sisi watu weusi, melanoma mara nyingi huota kwenye nyayo au chini ya kucha. Ile iliyomwua Bob Marley mwaka 1981, akiwa na miaka 36, ilianzia kwenye kidole cha mguu. Melanoma za namna hiyo huwa na badiliko la BRAF mara chache zaidi. Mgonjwa wa aina hii akipimwa kwa alama hiyo peke yake, damu yaweza kuonekana safi huku ugonjwa ukiendelea.

Ndiyo maana madaktari hawajaacha kupiga picha za ndani ya mwili. Ndiyo maana pia naona ni haki yetu kudai kwamba damu za watu wa kila rangi zichunguzwe, ili alama za saratani zetu nazo zijulikane. Wakati tukingoja, tuwe na desturi ya kutazama nyayo zetu.