Chuma cha Kisu cha Kila Siku: Uteuzi wa Metali katika Historia ya Bonde la Upemba

1. Utangulizi

Kisu ni kifaa kinachotajwa kwa nadra katika historia za dola. Shoka la heshima, mkuki na kigoda cha mulopwe wa Waluba vimechunguzwa kwa kina na wataalamu wa sanaa na wa historia. Kisu cha mvuvi anayepasua samaki kando ya Ziwa Kisale, au cha mama anayemenya mihogo, huishia kutajwa katika orodha za vitu vilivyochimbuliwa. Hata hivyo, ni kisu hicho cha kila siku kilichomlazimu mhunzi kujibu swali gumu kuliko yote ya kazi yake: chuma kipi kifae?

Makala haya yanakusudia kufuatilia jibu la swali hilo katika bonde la Upemba, hasa Sanga, katika mkoa wa Haut-Lomami ambao mji wake mkuu ni Kamina. Hoja inayotetewa ni kwamba ubora wa chuma cha kisu haukupimwa kwa ugumu peke yake. Ulipimwa pia kwa uwezo wa mwenye kisu kukinoa na wa mhunzi wa jirani kukitengeneza. Kwa sababu hiyo, kilichobadilika katika karne ya 20 ni zaidi ya metali: ni mahali yanapokaa maarifa juu ya metali hiyo.

2. Ushahidi wa makaburi

Uchimbaji wa kitaalamu katika makaburi ya Sanga ulifanyika mwaka 1957 na 1958, chini ya Jacques Nenquin na Jean Hiernaux. Kuanzia mwaka 1974 Pierre de Maret aliurudia na kuupanua hadi Kamilamba, Katongo, Kikulu na Malemba-Nkulu. Kutokana na kazi hizo wataalamu wameweza kupanga historia ya bonde hilo katika awamu zinazofuatana: Kamilamba, kuanzia yapata karne ya 5, Kisale, kuanzia yapata karne ya 8, na Kabamba, iliyofuata baada ya karne ya 13.

Kwa mintarafu ya makala haya, jambo la kuzingatiwa ni mgawanyo wa kazi kati ya metali mbili. Shaba ililetwa kutoka ukanda wa machimbo ulio kusini. Kwa jumla ilitumiwa kwa mapambo, yaani mikufu, bangili na mishipi, na baadaye kwa vile visalaba vidogo ambavyo katika awamu ya Kabamba vilikaribia kuwa sarafu. Majembe, mashoka, mikuki na visu vilikuwa vya chuma. Aliyeweza kupata zote mbili hakuzichanganya ovyo. Shaba ilikuwa na thamani ya kuonekana, na chuma kilikuwa na thamani ya kukata.

Lakini chuma nacho hakikukosa heshima. Katika kaburi moja la Kamilamba, la mwanzo wa awamu ya Kisale, zilipatikana fuawe ya chuma na shoka la heshima lenye mpini uliopambwa kwa misumari. Vitu hivyo viwili vimedumu kuwa alama za utawala wa Waluba hadi nyakati za karibu. Masimulizi ya asili ya dola hiyo yanamhusisha Kalala Ilunga, mwana wa mwindaji Mbidi Kiluwe, na kuenea kwa ufundi wa uhunzi, na katika kutawazwa kwa mfalme kulikuwa na kitendo kilichofananishwa na kupiga fuawe. Lugha inatoa ushahidi wake pia. Neno nyundo, ambalo kwa Kiswahili ni kifaa cha kupigia, kwa Kiluba hutaja chuma kizito ambacho mhunzi aliweza kukishika kama nyundo au kukisimika ardhini kama fuawe. Kitenzi fua cha Kiswahili ni ndugu wa fula ya Kiluba na ya Kibemba, ingawa Kiswahili kimeipoteza ile l ya kati.

3. Chuma cha tanuri

Ili kuelewa uteuzi wa mhunzi wa zamani, yafaa kukumbuka jinsi chuma chake kilivyopatikana. Mawe ya madini yalipangwa pamoja na makaa ya miti katika tanuri la udongo, na hewa ikasukumwa kwa mivukuto. Joto la tanuri hilo kwa kawaida halikufikia nyuzi 1538 za Selsiasi, ambazo ndizo zinazoyeyusha chuma halisi. Takataka za mawe ziliyeyuka na kutiririka, nacho chuma kikabaki bonge lenye matundu kama sifongo. Bonge hilo lilipashwa moto na kupigwa mara nyingi hadi uchafu ukatoka.

Katika safari hiyo chuma hufyonza kaboni ya makaa, na kiasi cha kaboni ndicho kinachotenga chuma laini na chuma cha pua. Chenye kaboni ya asilimia 0.1 hupindika kwa urahisi na hakishiki makali kwa muda mrefu. Kikifikia asilimia 0.6 hadi 0.8, kinaweza kuwa kigumu sana endapo kitatumbukizwa majini kikiwa chekundu. Bonge la tanuri halikuwa na kiasi kimoja: upande mmoja uliweza kuwa laini na mwingine kuwa pua. Mhunzi alilivunja, akatazama sura ya mpasuko na kusikiliza mlio wake chini ya nyundo, kisha akaamua kipande kipi kiwe jembe na kipi kiwe kisu.

Wataalamu wanaochunguza zana za kale kwa hadubini wameona kwamba, kusini mwa Sahara, ni nadra kukuta chuma kilichotiwa maji ili kiwe kigumu. Wako waliolichukulia jambo hilo kuwa upungufu. Hukumu hiyo inastahili kupimwa upya. Chuma chenye kaboni isiyolingana kikipozwa ghafla huweza kupasuka au kupinda. Tena kisu kigumu mno huhitaji kinoo kizuri, na kikivunjika hakina dawa. Kisu laini kidogo hunolewa kwa jiwe lolote la mtoni, na kikipinda hunyooshwa. Ambaye hana kisu cha pili ana kila sababu ya kuchagua kinachopinda kuliko kinachovunjika.

Wala chuma cha Afrika hakikuwa hafifu kwa asili yake. Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, anaeleza jinsi chuma cha Sofala kilivyonunuliwa na kupelekwa India. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha matokeo ya utafiti wao kati ya Wahaya wa Tanzania, wakionyesha kwamba matanuri yao yaliweza kutoa chuma cha pua chenye kaboni ya wastani. Maelezo yao kuhusu jinsi hewa ilivyopashwa moto kabla ya kuingia tanurini yamepingwa na baadhi ya wataalamu, lakini kuwako kwa pua yenyewe hakukutegemea maelezo hayo.

4. Chuma cha meli na chuma cha reli

Bidhaa za Ulaya zilipoanza kufika kwa wingi, wenyeji hawakuzipokea bila kuzipima. David Livingstone na ndugu yake Charles, katika kitabu chao cha mwaka 1865 kuhusu safari ya Zambezi, wanasimulia kwamba wenyeji waliona chuma cha Kiingereza kuwa kibovu kikilinganishwa na chao. Wanaongeza kwamba majembe ya Kiafrika yaliyopimwa Birmingham yalionekana kukaribia chuma bora cha Uswidi. Huo ni ushahidi wa thamani kubwa, kwa kuwa unawaonyesha watumiaji wakichagua kati ya metali mbili kwa vigezo vyao wenyewe.

Hata hivyo, matanuri yalizimika. Haitoshi kusema kwamba chuma cha kigeni kilikuwa bora. Kuyeyusha madini kulihitaji watu wengi kwa siku nyingi: wachimbaji, wachoma makaa, wavuta mivukuto. Katika Katanga watu hao walianza kuitwa kwingine. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na ofisi ya kukusanya wafanyakazi, Bourse du Travail du Katanga, ikafuata mwaka 1910. Kodi ya fedha iliwasukuma vijana kwenye migodi. Reli kutoka kusini ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 njia iliyopita Kamina ikakamilika hadi Port-Francqui, ambako leo ni Ilebo. Jembe la kiwandani lilishuka kutoka behewani tayari kwa kuuzwa.

Reli hiyo hiyo, pamoja na motokaa zilizoifuata, ilileta pia malighafi mpya. Mhunzi wa Afrika ya Kati aliacha kuyeyusha lakini hakuacha kufua. Vipande vya reli, springi za magari na nondo vilichukua nafasi ya bonge la tanuri. Hapo uteuzi ulianza upya, kwa kuwa vyuma chakavu havilingani. Nondo za ujenzi na misumari minene ya kufungia reli kwa kawaida zina kaboni chache, hivyo hufulika kwa urahisi lakini hazitoi makali ya kudumu. Reli yenyewe ina kaboni nyingi zaidi. Springi ya gari mara nyingi ina kaboni ya asilimia 0.6 hivi, pamoja na metali nyingine zinazoisaidia kurudi inapokunjwa, na ndiyo maana wahunzi wengi huipenda kwa panga na visu.

Mhunzi asiye na maabara hutambua tofauti hizo kwa ishara. Chuma chenye kaboni nyingi kikisuguliwa kwenye jiwe la kunolea linalozunguka hutoa cheche zinazochanua matawi mengi. Chuma laini hutoa cheche ndefu zenye matawi machache. Baada ya kukipoza, hukipitishia tupa: tupa ikiteleza, chuma kimeshika ugumu. Springi hupozwa kwa usalama zaidi katika mafuta kuliko majini, kwani mafuta huondoa joto polepole. Kisha ubapa hupashwa tena moto mdogo hadi uso wake uliosafishwa ugeuke rangi ya majani makavu, ili ugumu upungue kidogo na kisu kisivunjike.

5. Kisu cha kukunja na istilahi zake

Kisu cha kukunja cha kiwandani kimeliweka swali lilelile mikononi mwa mnunuzi. Joseph Opinel wa Savoie, Ufaransa, alibuni kisu chake mwaka 1890 kwa chuma cha kaboni. Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield alitengeneza chuma kisichoshika kutu, chenye kromi ya asilimia 13 hivi. Tangu hapo watengenezaji wengi huuza visu vya aina zote mbili. Cha kaboni hunoleka upesi na hushika makali mazuri, lakini huota kutu. Kisichoshika kutu hustahimili maji, na ubora wake hutegemea sana kiasi cha kaboni na jinsi kilivyopozwa. Cha bei rahisi mara nyingi hung'aa bila kukata.

Kwa mvuvi wa Kisale hoja haiko kwenye makali tu. Kisu cha kukunja hukusanya maji na magamba ya samaki kwenye kiungio chake, mahali ambapo kitambaa hakifiki, na kutu huanzia hapo. Kwa hiyo chuma cha kaboni kinachofaa sana katika kisu cha ala huweza kuwa mzigo katika kisu cha kukunja.

Kiswahili cha zamani kilikuwa na maneno ya kutofautisha daraja za chuma. Feleji kilikuwa chuma bora cha panga; pua ilikuwa chuma kigumu kwa jumla. Leo feleji limebaki zaidi katika kamusi na tungo za kale, nayo chuma cha pua hutumiwa mara kwa maana ya chuma chenye kaboni, mara kwa maana ya chuma kisichoshika kutu. Mnunuzi anayeambiwa kwamba kisu ni cha chuma cha pua hajaambiwa jambo analohitaji kujua.

6. Hitimisho

Imedhihirika kwamba historia ya kisu cha kila siku katika bonde la Upemba haikuwa safari nyoofu kutoka chuma duni hadi chuma bora. Mhunzi wa awamu ya Kisale alikijua chuma chake tangu kikiwa jiwe. Mhunzi wa zama za reli alikisoma kwa cheche na tupa. Mnunuzi wa leo husoma jina la kiwanda. Metali imekuwa ngumu zaidi kila hatua, lakini ujuzi juu yake umezidi kwenda mbali na anayeitumia.

Kwa wanaisimu kazi iko wazi. Tanuri likizimika, majina ya sehemu zake, ya mawe na ya daraja za chuma hubaki kwa muda katika vinywa vya wazee, kisha hutoweka. Makaburi ya Sanga yamehifadhi visu kwa zaidi ya miaka 1000. Hayakuweza kuhifadhi maneno ya waliovifua. Maneno ya wahunzi wanaofua springi na reli leo bado yanaweza kukusanywa, Kiluba kwa Kiswahili, na ukusanyaji huo hauhitaji sepetu wala koleo la mchimbaji.