Oili ya Kupotea: Historia ya Kuujazia Oili Msumeno wa Mnyororo

Katika mashine nyingi oili ni mali inayotunzwa. Injini ya gari huihifadhi kwenye sampo, huisukuma hadi kwenye beringi na shafti, kisha huirudisha chini ili izunguke tena, na mwenye gari huimwaga baada ya kilomita elfu kadhaa. Msumeno wa mnyororo, ambao Watanzania wengi huuita chenso na Wakenya pawaso, hauna utaratibu huo, kwa kuwa oili inayolainisha mnyororo wake hutoka tangini, hupita njia yake mara moja tu, kisha hutupwa kwenye maranda, kwenye magome, kwenye suruali ya mkata miti na kwenye udongo. Wahandisi huuita mpango huu ulainishaji wa kupoteza, na jina hilo linasema kweli tupu: oili hiyo imetengenezwa ili ipotee. Kwa sababu inapotea ni lazima irudishiwe mara nyingi kwa siku, porini, kwa mikono yenye vumbi la mbao, kupitia mdomo wa tangi usiozidi upana wa vidole viwili au vitatu. Historia ya namna watu walivyojaribu kuifanya kazi hiyo bila kumwaga haiwezi kutenganishwa na historia ya chombo chenyewe.

Njia ya oili ndani ya msumeno ni fupi. Mnyororo huzunguka ukingoni mwa bapa la chuma, na viungo vyake vya chini vina ncha zinazotambaa ndani ya mfereji mwembamba uliochongwa kulizunguka bapa hilo. Pampu ndogo huisukuma oili hadi kwenye tundu lililo karibu na shina la bapa, na ncha za mnyororo huizoa kutoka hapo na kuivuta hadi kwenye pua ya bapa, ambako mwendo wa mita 20 hivi kwa sekunde huirusha nje sehemu kubwa ya kilichosalia. Ndiyo maana oili iliyotengenezwa kwa kazi hii hutiwa vinatisho, yaani kemikali zinazoifanya ivutike kama uzi wa asali ili ing'ang'anie chuma kwa muda mrefu zaidi kabla ya kurushwa. Mnyororo ukikosa oili kwa dakika chache bapa hupata joto, rangi ya chuma hugeuka kuwa ya buluu, na mnyororo hurefuka na kulegea. Wakataji wazoefu huupima mtiririko kwa kuielekeza pua ya bapa kwenye kisiki cheupe kilichokatwa karibuni na kuongeza mwendo wa injini. Mstari mwembamba wa oili ukijichora juu ya kisiki, pampu ni nzima.

Haja ya kubeba kilainishi msituni ni ya zamani kuliko injini. Katika misitu ya misonobari na miti mikubwa jamii yake kwenye pwani ya magharibi ya Marekani, wakata miti wa mwishoni mwa karne ya 19 walitumia misumeno mirefu ya watu wawili, na adui wao mkubwa alikuwa utomvu, ambao hugandia msumeno na kuufanya ukwame katikati ya gogo. Dawa yake ilikuwa mafuta ya taa. Wakataji walichukua chupa tupu, mara nyingi ya wiski, wakaifunga kulabu ya waya ili waweze kuitundika kwenye gome la mti, kisha wakaiziba kwa kizibo kilichochongwa mifereji au kwa majani ya msonobari yaliyosokotwa, ili chupa ikitikiswa juu ya msumeno mafuta yanyunyuke kwa matone badala ya kumwagika kwa mkupuo. Chupa hiyo ndiyo babu wa vyombo vyote vitakavyotajwa hapa, kwa sababu aliyekichonga kizibo alikwisha kutambua kwamba tatizo la mafuta msituni ni kuyatoa kwa kiasi kinachotakiwa, mahali panapotakiwa, huku mkono mmoja ukiwa na kazi nyingine.

Mashine zilipoingia, tatizo hilo lilijificha kwa muda nyuma ya tatizo la uzito. Msumeno wa umeme ambao Andreas Stihl aliutengeneza mjini Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1926 ulikuwa na uzito wa kilo 64. Mwaka uliofuata Emil Lerp aliujaribu msumeno wake wa petroli kwenye mlima Dolmar, katika jimbo la Thuringia, na mlima huo ukaipa kampuni yake jina. Msumeno huo nao ulikuwa na kilo 58. Mashine za namna hiyo zilishikwa na watu wawili, mmoja upande wa injini na mwingine kwenye pua ya bapa, na kati ya wanaume wawili waliobeba mzigo wa mfuko wa saruji hapana aliyelalamika juu ya matone machache ya oili kwenye kiatu. Malalamiko ya namna hiyo hungoja mizigo ipungue.

Mizigo ilipungua baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1946 Joseph Buford Cox, mkata miti wa Oregon, aliwachunguza funza wa mbawakawa waliokuwa wakiutafuna ubao kwa kukata kushoto na kulia kwa zamu, akabuni mnyororo wenye meno yaliyopinda kwa mfano wa taya zao, na mwaka 1947 akaanza kuuuza. Msumeno wa Stihl wa mwaka 1950 ulioshikwa na mtu mmoja ulikuwa na kilo 16, na ule ulioitwa Contra, wa mwaka 1959, ulishuka hadi kilo 12. Kwa miaka mingi oili iliendelea kupelekwa kwenye mnyororo kwa kidole gumba: karibu na mpini palikuwa na kitufe, na mkataji alikibonyeza kila alipoona mnyororo umekauka. Pampu zilizoendeshwa na injini yenyewe zilipoenea, kidole kilipumzika, lakini matumizi ya oili yaliacha kutegemea busara ya mtu na kuanza kutegemea mwendo wa mashine. Hapo watengenezaji wakaweka kanuni ambayo imedumu hadi leo, kwamba tangi la oili na kasi ya pampu vipimwe kwa namna ambayo petroli itakwisha kwanza, ili mashine izime yenyewe kabla mnyororo haujakauka. Kwa hiyo kila mara petroli inapojazwa, oili nayo ni lazima ijazwe. Msumeno wa kawaida wa kazi hubeba kama nusu lita ya petroli na robo lita ya oili au zaidi kidogo; anayejaza mara nane kwa siku ameifungua midomo ya matangi mara 16 na kuuachia msitu lita 2 za oili.

Katika ufunguaji huo ndimo uchafu unamoingia na kutokea. Msumeno hulazwa ubavu ili midomo itazame juu, na pembeni mwa vifuniko huwa pamejaa unga wa mbao uliolowa oili, ambao ukidondokea ndani huziba kichujio cha pampu. Oili ni nzito, hivyo hutoka polepole. Na kwa kuwa hewa inayoingia kwenye dumu hupita mdomo uleule ambao oili inatokea, dumu hugugumia na kutapika kwa vipindi. Oili huwa imekwisha kufurika kabla macho hayajakiona kina chake. Na anayejaza akiinua dumu, mkia wa oili huendelea kuning'inia na kuangukia mpini.

Ulaya ya Kaskazini na ya Kati ilijibu kwa dumu pacha, yaani chombo kimoja cha plastiki chenye vyumba viwili, kikubwa cha lita 5 au 6 kwa petroli iliyochanganywa na oili ya injini, na kingine kidogo cha lita 3 hivi kwa oili ya mnyororo. Kukadiria kwake matumizi ya siku moja ni jambo zuri, lakini ubunifu wenyewe uko kwenye mdomo wa kumiminia. Mdomo huo una njia mbili zilizotenganishwa, moja ya oili na nyingine ya hewa, na una vali yenye springi isiyofunguka mpaka mdomo ukandamizwe kwenye tangi. Oili ikishuka, hewa hupanda kuchukua nafasi yake. Kina kinapoifikia ncha ya njia ya hewa, hewa hukatika na mtiririko husimama wenyewe, hata kama mjazaji anatazama pembeni. Mfugaji wa kuku anaujua ujanja huu bila kuusomea, kwa kuwa chupa ya maji iliyopinduliwa juu ya sahani huacha kutoa maji pale tu mdomo wake unapofunikwa, na hutoa tena kuku wakinywa. Vifuniko navyo vilibadilika, kutoka vile vya kufunguliwa kwa bisibisi hadi vile vyenye kishikio cha kuinua na kuzungusha kidogo kwa vidole.

Usafi wa mdomo wa tangi ulileta aibu moja ambayo watengenezaji hawakuitarajia. Mtu aliyefundishwa kutomwaga kijiko kimoja cha oili wakati wa kujaza alianza kujiuliza ni kwa nini lita 2 zilizobaki zinamwagwa msituni kwa idhini ya mtengenezaji. Swali hilo lilipata nguvu katika miaka ya 1980, wakati nchi zinazozungumza Kijerumani zilipokuwa na hofu kubwa ya misitu yao kufa. Oili za mnyororo zilizotokana na mbegu za rapa, ambazo vijidudu vya udongo huweza kuzioza, ziliingia sokoni katika muongo huo, na mwaka 1990 Austria ilitoa kanuni iliyolenga kuziondoa oili zisizooza kwenye misumeno. Mafuta ya mimea yana kasoro yake, kwani msumeno ukikaa miezi bila kazi huganda kama gundi na kuikamata pampu. Hata hivyo, kanuni hiyo iligusa kiini cha jambo kuliko dumu lolote, maana kumwagika ndiyo kazi ya oili hii, na linalobaki kuamuliwa ni kitu gani kinachomwagwa.

Afrika Mashariki iliufuata mkondo mwingine. Katika mashamba ya misonobari kama Sao Hill, wilayani Mufindi nchini Tanzania, msumeno wa watu wawili uliendelea kufanya kazi sambamba na chenso kwa miaka mingi, na katika misitu ya asili chenso ilipofika haikukata tu bali pia ilipasua mbao palepale gogo lilipoangukia. Kupasua kwa urefu wa nyuzi za mti hudumu muda mrefu zaidi kuliko kukata, na mnyororo huwaka moto zaidi, kwa hiyo oili huliwa zaidi. Anayelipwa kwa ubao haoni sababu ya kununua oili mpya ya kutupa chini, na gereji ya karibu ina kile kinachoitwa kila mahali oili chafu, yaani oili iliyokwisha kutumika kwenye injini. Lugha yenyewe inachangia mkanganyo, kwa kuwa neno mafuta linatosha kwa petroli, dizeli na ya kupikia, nao mafundi hulazimika kulitenga neno oili ili tangi moja lisijazwe cha tangi jingine.

Oili chafu ni nyepesi kuliko inavyotakiwa, haina vinatisho, na imebeba masizi, chembe za chuma na misombo inayohusishwa na saratani ya ngozi, ambayo hurudi kwa mkataji kama ukungu usoni. Wanaoitumia kwa uangalifu huiacha ilale usiku kucha ili machicha yashuke, huichuja kwa kipande cha kitenge, kisha huitia kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyotobolewa kifuniko kwa msumari wa moto. Tundu hilo huwa moja, si mawili, na chupa hukamuliwa kwa mkono hadi oili ionekane mdomoni mwa tangi.