Waliacha Kamera Mwezini, Wakarudi na Filamu

Kama wewe ni mpenzi wa kamera za zamani, habari hii itakuuma kidogo. Kwa hesabu ya kampuni ya Hasselblad yenyewe, kamera zake 12 ziko Mwezini mpaka leo, zimelala vumbini tangu safari za Apollo za 1969 hadi 1972. Wala hazikusahauliwa. Zilipunguzwa kama mzigo ili mawe ya Mwezini yapate nafasi. Wanaanga walichomoa kisanduku cha filamu kilicho nyuma ya kamera, wakakibeba, kamera wakaiacha palepale.

Mbona waache kitu cha thamani namna hiyo? Hebu turudi nyuma kidogo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la anga la Uswidi lilimtaka Victor Hasselblad, wa mji wa Göteborg, atengeneze kamera ya kupigia picha kutoka kwenye ndege. Vita vilipokwisha akawageukia raia. Mwaka 1948 alizindua New York kamera ya mkononi inayofunguka vipande: lenzi mbele, kisanduku cha filamu nyuma. Shata ya toleo hilo ilikuwa inasumbua. Mwaka 1957 ikaja 500C, ambayo shata yake imo ndani ya lenzi, na hiyo ndiyo iliyojenga jina. Mwaka 1962 mwanaanga Wally Schirra alinunua moja dukani Houston, kama wewe unavyonunua simu, akapaa nayo kwenye chombo cha Mercury. Baada ya hapo NASA na Hasselblad hawakuachana.

Siri yake kubwa ni ukubwa wa filamu. Filamu ni utando uliopakwa chembe ndogo sana za chumvi ya madini ya fedha, ambazo hubadilika zikiguswa na mwanga. Katika filamu za aina moja, chembe hizo zina ukubwa uleule, iwe filamu ni ndogo au kubwa. Ila kubwa inazo nyingi zaidi. Piga hesabu: fremu ya filamu ya kawaida ya milimita 35 ni 24 kwa 36, yaani milimita za mraba 864. Fremu ya Hasselblad ni karibu 56 kwa 56, yaani 3,136. Hiyo ni zaidi ya mara tatu na nusu. Zile kamera nzito za kusimama juu ya miguu mitatu, za filamu ya inchi 4 kwa 5, zinafika karibu mara 15.

Sasa kumbuka ile picha maarufu ya Dunia nzima, ya buluu na meupe ya mawingu. Ilipigwa na wanaanga wa Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972, kwa Hasselblad. Iangalie tena: ni Afrika, Bukini na Bara Arabu. Pwani yetu imo. Miongo kadhaa baadaye, filamu za Apollo zilizotunzwa kwenye baridi kali huko Houston zikaskaniwa upya kwa mashine ambazo mwaka 1972 hazikuwepo, na mambo yaliyokuwa yamejificha yakaonekana. Filamu ilikuwa nayo muda wote huo.

Na hapa ndipo inapokuhusu wewe.

Studio nyingi za Afrika Mashariki nazo zilitumia filamu ya aina hii, ile ya 120, inayotengenezwa tangu 1901 hadi leo. Ndiyo maana kamera ya miaka ya 1950, ikiwa nzima, bado unaitia roli mpya na kupiga picha 12 za mraba. Unguja, Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa 1930, iliurekodi mji kabla na baada ya Mapinduzi. Picha ya harusi ya bibi yako inawezekana ilichapwa ndogo, ukubwa wa kiganja. Lakini negativu yake ina maelezo mengi kuliko kile kikaratasi: nakshi za kanga, maandishi ya ukutani, hata sura ya mtu aliyesimama nyuma kabisa.

Tatizo ni joto na unyevu. Filamu nyingi za zamani zina utando wa asetati, ambao ukianza kuoza hutoa asidi ileile ya siki, na asidi hiyo huharakisha kuoza. Basi, fungua boksi unuse. Ukisikia harufu ya siki, tenga negativu hizo na nyingine, na ziskani hizo kwanza. Zilizobaki zifunge kwenye bahasha za karatasi, si mifuko ya plastiki, uziweke mahali pakavu na penye ubaridi. Huna skana? Weka negativu mbele ya mwanga mweupe, ipige picha kwa simu, kisha geuza rangi.

Wakusanyaji hugombania kamera, na kamera ya zamani ukiwa na pesa utaipata. Negativu ya harusi ile iko moja tu duniani, na pengine iko chini ya kitanda cha mtu unayemjua. Kamuulize wiki hii.